Ndama Aliyekwama kwenye Tisini na Nane

Jumatatu, 3 Machi

Sasa hivi binti yangu Kijino ameingiza kipande cha mkate kwenye kompyuta. Si juu yake, ndani. Kwenye ule mdomo wa kuwekea CD. Akausukuma kwa kidole mpaka ukafunga, akajipangusa mikono kama mtu aliyemaliza kazi. Nilipomuuliza, akasema anamlisha Madoa, maana hajala tangu jana na mlango wake haufunguki.

Madoa ni ndama. Anaishi ndani ya gemu ya shamba ambayo baba Kijino alimwekea bintiye kabla hajaondoka na lori, wiki sita sasa. Walimchagulia madoa wenyewe, moja kwenye jicho, mawili mgongoni. Kila siku anyweshwe chupa ya maziwa, la sivyo anakonda. Baba mtu akaahidi: nikirudi Jumapili ya tarehe tisa, nataka kumkuta amekuwa ng'ombe mzima. Kijino ana miaka mitano. Ahadi ya baba yake ameipigilia msumari.

Sasa gemu haifunguki. Inaleta picha ya jogoo na chini yake mstari wa kijani unaotambaa. Ukifika asilimia tisini na nane, kimya. Jogoo mdomo wazi, hawiki.

Sielewi. Jana tu niliifanyia kompyuta hii maendeleo. Simu yangu ilikuwa inalalamika imejaa, nikahamishia huko picha zote za Kijino tangu kuzaliwa. Kompyuta ni kabati kubwa. Kikatokea kiboksi cha manjano chenye maneno mengi ya Kizungu, nikabonyeza Sawa. Mtu akikubishia hodi, unaitikia.

Muhimu wifi asijue. Ni dada wa mume wangu, fundi cherehani, anashonea humu humu sebuleni, na kaka yake anampigia kila siku. Alishasema tangu mwanzo kwamba kompyuta si sufuria, si kila mtu akoroge.

Mkate nimeutoa kwa kibanio cha nywele. Nusu yake.

Jumanne, 4 Machi

Mwizi nimempata. Ni cherehani ya wifi. Inatumia umeme, na imechomekwa soketi moja na kompyuta. Akikanyaga pedali, taa inafifia. Kwa hiyo umeme wa ndama unaishia kwenye suruali za watu. Ushahidi ninao: jana mstari ulipoganda, wifi alikuwa anashona. Ni kweli wifi hushona kutwa nzima, lakini hilo tuliache.

Nikapanga mbinu. Nikamwambia wifi kwamba jirani wa juu anaumwa kichwa, anaomba cherehani ipumzike hadi saa sita. Wifi ana sare kumi na nne za kwaya za kukabidhi Jumamosi. Hata hivyo akaweka mkasi chini, akasema maskini, akapanda ngazi kwenda kumpa pole.

Hilo sikuwa nimelifikiria.

Nilikuwa na dakika nne. Nikachomoa cherehani, nikawasha gemu. Tisini na nane. Jogoo. Wifi akarudi akasema amemkuta jirani juu ya stuli anapangusa madirisha, mzima kama chuma, na anataka kujua nani kamzulia ugonjwa. Nikasema basi kapona, tumshukuru Mungu. Wifi akanitazama kama anavyotazama mshono uliopinda.

Kijino amekunywa maziwa nusu kikombe. Nusu nyingine, anasema, ni ya mwenzake.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kwa fundi wa kompyuta pale stesheneri ya kona. Tunamwita Miwani Mbili, moja iko machoni na nyingine utosini, na siku zote anatafuta ya tatu. Nikamwambia nina rafiki yangu ambaye gemu yake inaganda. Akauliza rafiki ameshazima na kuwasha upya. Nikasema rafiki si mjinga. Akauliza ameweka nini kipya hivi karibuni. Nikasema hakuna, picha za mtoto tu. Lakini hapo mashine yake ya kutoa kopi ilikuwa inatafuna karatasi ya mtu, hakusikia. Akasema kwa haraka: mwambie rafiki yako aangalie vizuri inagandia wapi, aniletee maelezo.

Maelezo! Darasani niliishia njiani, lakini maelezo nayaweza. Tena sitaandika tu. Nitarekodi video. Fundi aone kwa macho yake, kwa miwani zote mbili.

Nimewasha gemu mara tatu na kurekodi mara tatu, kila video dakika kumi na tano, mwanzo hadi jogoo. Simu ikajaa, nikazihamishia kwenye kompyuta. Hapo ndipo pahali pa usalama. Kiboksi cha manjano kikaja tena. Sawa, sawa.

Leo Kijino ameuliza: Madoa akifa, baba atarudi kuangalia nini? Nikamwambia atarudi kukuangalia wewe. Akafikiri sana. Akasema baba alisema Madoa.

Nikaenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Alhamisi, 6 Machi

Maendeleo makubwa. Sasa naamini ni joto. Kompyuta nayo ni mwili, ikichemka inazimia. Nimeisogeza dirishani, nimeipepea kwa mfuniko wa ndoo, nimeizungumzisha vizuri. Nikawasha. Na mstari ukabadilika! Sasa hauendi mpaka tisini na nane. Unaganda kwenye sitini na moja.

Mtu asiyejua angesema ni balaa. Mimi naona mstari umeanza kunisikia. Kitu kinachobadilika ni kitu kinachokaribia kupona, hata homa hupanda kwanza. Nimerekodi kila jaribio kwa ajili ya fundi. Sasa ziko video kumi na moja, zote nimezipanga kwenye kompyuta, nikazipa namba.

Wifi akaniuliza mbona kompyuta inapepewa kama bibi harusi. Nikasema natoa vumbi. Akasema vumbi la siku nne, hilo si vumbi, ni mchanga wa kujengea. Halafu akanusa hewa, akauliza kuna nini kinachonuka. Nikasema mafuta ya cherehani yako. Hakulipenda jibu hilo. Tumekula bila kusemeshana, Kijino akibeba ujumbe. Mama anasema lete chumvi. Shangazi anasema chumvi iko hapo alipo.

Ndani ya sahani ya Kijino kumebaki nusu kamili. Amegawa kwa kijiko, amechora na mstari katikati. Uso wake umekuwa mdogo.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimefanya kitu ambacho singependa mtu asome.

Asubuhi mstari uliganda kwenye kumi na mbili. Hata mimi, kuona maendeleo hapo kulinishinda. Na Jumapili si mwaka. Nikakumbuka kwamba mwezi uliopita nilimpiga Madoa picha kwenye skrini, amejilaza, macho mawili makubwa. Nikaitafuta, nikaikuza mpaka ikajaa skrini yote. Nikamwita Kijino. Nikamwambia haya, mlango umefunguka, ila Madoa kachoka, msalimie tu taratibu.

Akaja mbio na kikombe chake. Akapanda kiti. Akamwita. Akashika kipanya, akamgusa Madoa kichwani, pale ambapo huwa anatikisa sikio.

Sikio halikutikisika.

Akagusa tena. Akasogeza uso mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye skrini. Akageuka akaniuliza kwa sauti ndogo, mama, mbona hapepesi. Kisha akauliza lile neno lenyewe.

Nikambeba. Nikamwambia hajafa, ni picha, mama amekudanganya, anaomba msamaha, mlango bado umefungwa na mama hajui kuufungua. Akalia mpaka akapata kwikwi. Nami sikubaki nyuma.

Cherehani ikanyamaza. Wifi akaja na futi ya kupimia shingoni. Nilijua sasa simu inapigwa. Badala yake akapeleka mkono nyuma ya skrini, akatoa kikombe. Kingine. Kingine tena. Vinne, vya maziwa yaliyoganda kuliko hata gemu. Akasema, wifi, tangu jana najua, maziwa yamekusema. Nikamuuliza mbona hakumwambia kaka yake. Akasema anaendesha lori, aambiwe ndama wake mgonjwa halafu aangalie barabara kwa jicho gani?

Kisha akasema kesho tunampeleka hospitali. Kijino akauliza nani. Wifi akasema Madoa, na nyumba yake yote.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeifunga kompyuta mgongoni kwa mbeleko. Ile ile niliyombebea Kijino. Ni nzito kuliko yeye alivyokuwa, na ina kona. Wifi akachukua skrini kichwani, ingawa sare tatu hazijatiwa vifungo. Kijino akabeba kipanya kwa mkia wake.

Njiani mama mmoja akasogea na tabasamu kutazama mtoto. Akafunua. Akafunika. Akasema mashallah, kafanana na baba yake.

Miwani Mbili akauliza hii ndiyo ya yule rafiki yako. Nikasema ndiyo, kaniazima. Kijino akasema, ni yetu. Mtoto nimemfundisha kusema kweli, na malipo yake ndiyo hayo.

Nikampa fundi taarifa: ushahidi wote umo ndani, video ishirini na mbili, zina namba. Akafungua. Akavua miwani moja, akavaa nyingine. Akauliza video hizi niliziweka lini. Nikasema kila gemu ilipoganda. Akauliza, na ulipoziweka, gemu ikaganda mapema zaidi? Nikasema hapo ndipo tulipoanza kupata maendeleo.

Akavuta stuli, akakaa. Kisha akaeleza polepole, kama kwa Kijino. Kompyuta hii ni ya zamani, tumbo lake dogo. Gemu ikiamka inahitaji pahali pa kunyoosha miguu. Mimi nimejaza picha elfu tatu mia moja na tisa mpaka mlangoni, na juu yake nikamwaga video. Ndama hakuwa mgonjwa. Alikosa nafasi ya kusimama. Na kile kiboksi cha manjano, akasema, kilikuwa kinakwambia hivyo hivyo tangu siku ya kwanza.

Wifi akainua uso. Alitazama tu dari ya stesheneri kwa furaha.

Video akazifuta zote. Jasho langu la siku tatu. Picha nilikataa. Fundi akasema basi chagua chache, nikaanza kuchagua, zote zikawa za lazima. Wifi akasema, wifi, huyu mtoto umempiga picha akipiga miayo mara arobaini. Nikamwambia kila mwayo una sura yake. Fundi akazihamishia zote kwenye flashi, akanikabidhi mkononi, akafunga vidole vyangu juu yake. Akasema: tafadhali, mama, kompyuta uiachie nafasi. Nikasema nimeelewa kabisa.

Akawasha. Jogoo. Mstari. Kumi na mbili, sitini na moja. Kwenye tisini na nane wifi alinishika mkono, kucha zote ndani. Tisini na tisa.

Jogoo akawika, mpaka mteja wa kopi akashtuka.

Madoa alikuwa amelala, mbavu zinahesabika. Kijino akamgusa kichwani. Sikio likatikisika. Akampa chupa, ya kwanza, ya pili, ndama akasimama kwa miguu inayotetemeka. Kijino akageuka kwa wifi akauliza kama kuna mkate. Akala wote. Hakugawa.

Jumapili, 9 Machi

Baba Kijino kafika saa nne, vumbi mpaka kwenye nyusi. Kabla hajavua viatu alishavutwa hadi kwenye kompyuta. Kijino akampa Madoa chupa ya mwisho, na mbele ya macho yetu ndama akajitikisa, akapanuka, akawa ng'ombe. Baba mtu akapiga magoti kabisa. Akasema, umemlea peke yako? Kijino akasema na mama na shangazi, lakini mama aliomba msamaha. Wifi akakohoa ndani ya kanzu anayoipinda. Mpaka sasa hajamwambia kaka yake lolote. Nimemshonea vifungo vyote vya zile sare tatu, na viwili tu ndivyo vimekaa upande usio wake.

Haya yote nimeyarekodi. Baba akishuka kwenye lori, baba akipiga magoti, Madoa akipanuka, Madoa akitafuna, Madoa akiendelea kutafuna. Karibu saa mbili nzima. Kumbukumbu hairudi mara mbili.

Simu ikajaa, bila shaka. Nikazihamishia kwenye kompyuta, maana fundi ameipa nafasi tele, na nafasi ikikaa bure inapoza nyumba. Na zile picha nimezirudisha. Flashi ni kidude kidogo kama kifungo, nimeikuta ndani ya kopo la vifungo vya wifi, angeishona kwenye koti la mtu. Kiboksi cha manjano kilikuja kunipongeza. Nikabonyeza Sawa.

Baba na binti wako sebuleni sasa, wanataka kumkamua Madoa kwa mara ya kwanza. Naandika huku nasikia vicheko vyao. Nimejifunza mengi wiki hii. Mtu akituliza akili hakuna mashine inayomshinda, hata...

Mama Kijino, hebu njoo, ndivyo wanavyoniita. Baba mtu anauliza mbona jogoo kaacha mdomo wazi. Wala sihangaiki, chanzo nakijua. Tangu asubuhi wifi amekanyaga ile pedali bila kupumzika, na nilisema toka Jumanne kwamba cherehani ndiyo inayomwibia ndama umeme.