Ombi la Kuvuliwa Madaraka ya Kuchagua Mchezo

Kwa Mwenye Duka la Ushonaji na Utarizi,
ambaye pia ni Shangazi yangu mpenzi.

KUH: MCHEZO UJAO WA SAA YA CHAKULA CHA MCHANA

Shikamoo Shangazi. Natumaini safari yako ya kununua vitambaa inakwenda vizuri na miguu haijavimba. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu, kama unavyojua, kwenye simu mimi husema "ndiyo, Shangazi" hata ukiniuliza ni saa ngapi. Barua hii ataileta dereva wa mzigo, anayeondoka saa kumi jioni, kwa hiyo nitaeleza upesi, lakini kwa adabu zote.

Ulipoondoka Jumatatu ulitubandikia maagizo matatu ukutani. La kwanza, sare za shule ziishe Alhamisi. La pili, Bibi asipande ngazi. La tatu, na hili ndilo lililonifikisha kwenye kalamu: "Mchezo wa mwanzo mmeumaliza. Unaofuata achague binti, maana amemaliza shule na sasa ni mtu mzima. Asipochagua hadi Jumamosi, boksi la diski lirudi kwa fundi wa kompyuta." Leo ni Ijumaa.

Shangazi, kwa heshima na taadhima, naomba univue madaraka haya.

Kwa kuwa najua dereva ataifungua barua njiani, na sipendi mtu asome bila kuelewa, namweleza na yeye. Ndugu Dereva, kompyuta inayoongoza mashine yetu ya kutarizi ni kuukuu kiasi kwamba mteja mmoja aliwahi kuuliza kama ni kabati la mikate. Haiwezi kitu chochote kilichotengenezwa baada ya mimi kuzaliwa. Lakini inaiweza michezo ya zamani ya kubofya. Picha inatulia kwenye kioo; unabofya mlango, unafunguka; unabofya kamba, inaingia mkobani; unabofya mtu, anaongea; na ukiwa na akili unafumbua fumbo na kusonga mbele. Hakuna kupigana wala kukimbizwa. Kila siku saa saba hadi saa nane, mashine ikiwa inapoa, sisi wanne tunakula huku tunacheza. Bibi, mama yake Shangazi, ndiye anayeamuru. Mzee Sentimita, mkataji wetu, anashika kipanya kwa sababu mkono wake hautetemeki. Mama Vifungo, ambaye kazi yake inajulikana kwa jina lake, anakumbuka kila lililosemwa. Mimi nasoma maneno ya Kiingereza na kuyasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kila mhusika. Hiyo ndiyo saa pekee ambayo nasikika. Saa nyingine wateja huniuliza kama nimekaukwa na sauti.

Sasa malalamiko yangu.

1. Ninapigiwa kampeni kazini. Ndani ya boksi zimebaki diski tatu, na kila moja ina mwenyewe. Mzee Sentimita anataka *Roboti wa Jaa la Chuma*, mchezo wa roboti aliyeamka jalalani hana mkono wa kushoto na sasa anautafuta. Mzee hasemi mengi. Kila nikipita kwenye meza ya kukatia ananyoosha futi yake, anapima mkono wake mwenyewe kutoka begani, ananionyesha urefu, halafu anatikisa kichwa kwa huzuni. Mama Vifungo anataka *Hoteli ya Vyumba Kumi na Tatu*, ambamo bibi harusi ametoweka saa moja kabla ya ndoa. Anasema miaka ishirini na sita ameshona vifungo vya magauni ya harusi na hajaona harusi hata moja hadi mwisho, kwa kuwa daima kuna gauni la kesho. Basi angalau bibi harusi huyu mmoja aachiwe yeye amtafute. Na Bibi anataka *Mtunza Bustani wa Mfalme* kwa sababu moja tu: kwenye picha ya jalada mtunza bustani amevua kofia. "Huyo ana wazazi," anasema. "Hao wengine sijui wamelelewa na nani. Roboti hana hata shati."

Shangazi, hawa ni watu watatu ninaowapenda, na kila mmoja ana hoja. Nikichagua mmoja nimewakata wawili, nami sijafunzwa kukata, nimefunzwa kutarizi.

2. Uzito wa neno la Bibi haulingani na wa wenzake. Utakumbuka kwamba katika *Mnara wa Saa*, mchezo tuliomaliza, Bibi alikataa katakata tuingie kwenye nyumba za watu bila hodi. Kila mlango ilibidi Mzee Sentimita abofye mara tatu, tusubiri, Bibi aseme "Hodi wenyewe", tusubiri tena, ndipo tuingie. Mama Vifungo akasema kwa mwendo huo tutamaliza wakati wajukuu zake wamestaafu. Kisha tukafika kwenye mlango wa mhunzi. Kijitabu cha mchezo kinasema wachezaji wengi huutafutia mlango huo ufunguo kwa wiki nzima. Hauna ufunguo. Unataka kubishwa mara tatu na kusubiriwa. Sisi tulipita bila hata kujua kwamba lilikuwa fumbo. Tangu siku hiyo Bibi haambiliki. Juzi amebishana na muuza uzi kuhusu rangi, na hoja yake yote ilikuwa, "Kwa mhunzi nilisema nini?"

3. Kampeni imeingia kwenye mashine. Jumanne mwenye nyumba ya wageni alileta foronya kumi na mbili tumtarizie ua la waridi na neno KARIBU. Nilitoka kuchota maji, na bombani kulikuwa na foleni ya saa mbili. Niliporudi, foronya sita zilikuwa zimeshatoka na waridi zuri sana, na katikati ya waridi, kwa uzi wa dhahabu: ROBOTI KWANZA. Mzee Sentimita alikuwa ameinama anakata kitambaa ambacho hakikuwa na haja yoyote ya kukatwa.

Kesho yake mwenyewe alipokuja, nilitamani ardhi inimeze. Alizitazama, akazigeuza, akauliza huyo Roboti anagombea kiti gani. Mama Vifungo akamweleza yote, kwa kupendelea upande wake, na yule bwana akaingiwa na uchungu. Akasema katika hoteli yenye nidhamu bibi harusi hawezi kutoweka hivi hivi, na kwamba yeye kama mtu wa kazi hiyo lazima aone kosa la mapokezi liko wapi. Tangu hapo anakuja kila siku saa saba kasoro dakika tano, na kiti chake, na anakaa mbele ya kioo cheusi kisicho na mchezo. Zile sita amezipokea. Zilizobaki ameomba ziandikwe HOTELI KWANZA. Naye Bibi ameagiza kitambaa cha meza. Hakusema kiandikwe nini, ila ametaka kofia.

4. Tabia za mchezoni zimehamia dukani. Katika michezo hii mtu huokota kila anachokiona, maana huenda kikafaa mbele, na kitu kikimgomea hukijaribia vyote alivyo navyo. Asubuhi ya leo mfukoni mwa koti la Mzee Sentimita kulikuwa na sumaku, kijiko, kipande cha mshumaa, zipu isiyo na meno, na yai. Yai limechemshwa, anasema, ila hakumbuki lini. Sikatai kwamba alifunga sumaku kwenye uzi akaivua sindano iliyoangukia nyuma ya kabati, nasi tukapiga makofi. Lakini Jumatano mlango wa choo ulikwama Mama Vifungo akiwa ndani. Seremala ni jirani yetu, hatua nane kutoka mlangoni kwetu. Hawakumwita. Walijaribu kijiko, halafu mshumaa, halafu kijiko pamoja na mshumaa, halafu Bibi akapiga hodi. Mama Vifungo akajibu kutoka ndani kwamba yeye amekaribisha tangu nusu saa iliyopita. Mlango sasa unafunguka vizuri sana. Haufungiki. Anayeingia anatakiwa kuimba.

5. Hili ni kosa langu mwenyewe, naliandika ili usilisikie kwa mwingine. Katika mchezo ukikutana na mtu unaletewa sentensi nne, unabofya moja, naye anakujibu. Hakuna anayekuona unavyotoka jasho. Nikadhani nimepata dawa yangu. Nikaandika kadi nne nikaziweka chini ya kaunta: "Karibu sana", "Nguo yako bado kidogo", "Ngoja nimuulize fundi", na "Kwaheri, tunashukuru". Wa kwanza kuingia alikuwa mwalimu wangu wa hisabati. Akafurahi kuniona, akaniuliza kama nimeshaamua nataka kuwa nani. Nikatazama kadi zangu. Nikamwambia, "Nguo yako bado kidogo." Akasema hana nguo yoyote hapa. Nikamwambia, "Ngoja nimuulize fundi." Mzee Sentimita akatoka na futi, na kwa kuwa mwalimu ni mpole, sasa anashonewa koti.

6. La sita lilimhusu Bibi na ngazi. Nimelifuta, ameahidi.

Kutokana na hayo, Shangazi, nimefikiri sana. Mwanzo nilitaka kukuomba uchague wewe. Lakini Bibi ni mama yako, watu watasema umempendelea. Na usipomchagua, utakula wapi Jumapili? Nikawaza wateja wapige kura. Lakini mteja ambaye suruali yake iko chini ya mkasi wa Mzee Sentimita hawezi kupiga kura kwa uhuru.

Kwa hiyo naomba nirudishwe shuleni. Si lazima kidato cha mwisho, hata cha kwanza kitanitosha. Kule maswali yalikuja na A, B, C na D. Moja lilikuwa sahihi, na B hakununa ukimchagua C. Huku nje nimekuta majibu yote matatu ni sahihi, na yote yanakula chakula cha mchana pamoja nami. Hilo halikuwemo kwenye mtaala.

Ikiwa shule itakataa kunipokea (nimefaulu, huenda likawa tatizo), basi naomba niandikishwe kwenye orodha ya vifaa vya duka, chini ya cherehani ya tatu. Kifaa hakiulizwi maoni. Nitatarizi, nitapoa saa saba, na Ijumaa nitapakwa mafuta.

Na ikiwa hilo pia ni gumu, basi wachague wao bila mimi, niachiwe kusoma maneno tu. Hilo la kusoma tafadhali lisiondolewe. Boksi likirudi kwa fundi wa kompyuta nitakula kimya kama zamani. Zamani nilikuwa sijui tofauti. Sasa naijua.

Nisalimie wauza vitambaa wote, wenyeji wako, na yule rafiki yako anayecheka kabla hadithi haijaisha. Huku wote hawajambo na wanakusalimu, Bibi mara mbili. Salamu na kwako Ndugu Dereva. Tafadhali ikunje kama ulivyoikuta.

Ni mimi mtiifu wako, kwa sasa bado binadamu,

Binti wa kaka yako,
Idara ya Utarizi.

Nyongeza. Saa saba na robo. Niliingia ndani kutafuta bahasha, nikawakuta wote watatu wamekaa kama watu wa msibani, na mwenye nyumba ya wageni pembeni amevua miwani. Wakaniambia wamenionea huruma, nimekonda, basi wameshauriana na kuafikiana: ni roboti, nisihangaike tena. Mama Vifungo amekubali. Hata Bibi amekubali, mradi roboti atafutiwe shati. Yaani Shangazi, nililoliomba kwa kurasa zote hizi nimepewa bure, kabla hata ya kulamba bahasha.

Hapo nikasikia mtu anasema, "Hapana!"

Ilikuwa sauti kubwa, hadi mwenye nyumba ya wageni akasimama. Nikageuka nyuma kumtazama aliyesema. Nyuma yangu kulikuwa na ukuta. "Ni zamu yangu," yule mtu akaendelea, "na tunacheza Hoteli, na wala si kwa ajili ya Mama Vifungo!"

Ukweli ni kwamba nimejua chaguo langu tangu Jumatatu. Kwenye jalada la ile hoteli kuna madirisha kumi na matatu, yote yana taa, na katika kila dirisha kuna mtu amefungua mdomo. Watu kumi na watatu, Shangazi, na wote watasema kwa sauti yangu. Nilikuwa naona haya kutaka kitu kikubwa namna hiyo mbele ya watu.

Hakuna aliyenuna. Bibi alisema tu kwamba sasa anajua nimemrithi nani, na Mzee Sentimita akaingiza diski huku akinung'unika, "Ungesema Jumatatu, mjukuu wangu, foronya za watu zingepona." Kwa hiyo tafadhali usiisome barua hii. Kama umeshafika hapa, rudi mwanzo uisahau yote, isipokuwa namba 4, kwa kuwa seremala bado hajaja.

Natoka mbio kumpa dereva, wananisubiri. Wa kwanza kusema ni mama wa bibi harusi, naye anapiga kelele, na sikuwa na hakika kama nitamuweza. Basi nikaingia kwenye chumba cha kupimia nguo, nikavuta pazia, nikajaribu mara moja tu: "Mmemficha wapi mwanangu?" Kutoka upande wa pili wa pazia mwanamume mmoja akajibu kwa unyenyekevu kwamba si yeye, mama, yeye amekuja kupunguza suruali tu.