Kabichi ya Wadaki na Fimbo ya Harusi

Jumatatu, 1 Septemba
Zamfira, binti wa dada yangu, anaolewa Jumamosi. Fimbo ya msemaji wa harusi, ile ya utepe na maua, lazima niishike mimi. Marehemu baba aliishika mpaka anakufa. Kikwazo ni shemeji yangu Haralamb, ambaye hotuba zake anazisoma kwenye simu. Mimi nina kichwa. Nitawathibitishia wageni kwamba kila neno tunalotamka limetoka kwa mababu zetu Wadaki, wenye nchi hii kabla ya Warumi kuja. Niliwahi kumweleza profesa mmoja jambo hili kwenye treni ya Vaslui. Alitokwa na machozi, akashuka kabla ya kituo chake.

Jumatano, 3 Septemba
Amefika Bibi Nuriye, nyanya wa bwana harusi, Mtatari wa mji wa Medgidia; Watatari na Waturuki ni ndugu. Nikamjaribia hotuba jikoni, kidole mbele. Kiberiti, kwa lugha yetu: kibrit, neno la Wadaki. Kabati: dulap, la Wadaki. Mgeni kama yeye: musafir, Wadaki watupu. Akaendelea kukoroga supu. Akasema, mwanangu, hayo yote mliachiwa na Waturuki, pamoja na hiyo chorba unayoidokoa. Nikamwambia, kama tusemavyo kwetu, hizo habar mimi sina. Akasema hata hiyo habar nisiyokuwa nayo ni ya kwao. Basi, nikamjibu, Waturuki nao walifundishwa na Wadaki. Alicheka mpaka akatafuta kiti. Haralamb alikuwa mlangoni. Kufikia jioni kijiji kizima kinaniita Mdaki.

Ijumaa, 5 Septemba
Nimekwenda kwa padri kutafuta msaada. Hasara tupu. Neno la mkate na la meza, anasema, yalitoka Roma. La mapenzi tulipewa na Waslavi. Nikamuuliza Wadaki wamebakiwa na nini. Akakuna ndevu, akasema labda jibini, kabichi na njegere.
Zamfira alikuwa ananisubiri nje. Mjomba, akasema, fimbo ni yako, lakini ukiwataja Wadaki hata mara moja, nampa Haralamb. Nikaapa kwa kaburi la baba.

Jumapili, 7 Septemba
Jana langoni kwa bibi harusi nilinena mpaka kina mama wakajifuta macho. Ningeishia hapo. Zikaletwa sarmale, nyama ndani ya majani ya kabichi, na tsuika, ile pombe kali ya plamu, ilikuwa imeshanipanda kichwani. Nikasimama juu ya kiti, nikatangaza kwamba kabichi ni ya Wadaki. Bibi Nuriye akajibu toka meza ya pili: kabichi chukua, mwanangu, ila jina la chakula ni letu, na kuviringisha ni kwetu. Ukumbi mzima hoi. Zamfira naye alicheka, huku akininyang'anya fimbo. Haralamb akatamba nayo mpaka simu yake ikazima.
Alfajiri, kwenye supu ya kukata ulevi, Bibi Nuriye akaja kuketi nami. Akasema wajane wenzake wa Medgidia hawajacheka siku nyingi, niende nikawahutubie.
Mwaliko wa kitaalamu huo. Haralamb hajaalikwa popote. Mada nimeshaichagua: jinsi Wadaki walivyowafundisha Waturuki kupika.