Ombi la Kutambuliwa kwa Timu ya Shilian Ambayo Haipo

Miao Changgeng,
Mtaa wa Kiwanda cha Nyuzi,
Shilian.

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi Tan,
Ofisi ya Michezo ya Jiji.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: MNYORORO ULIOFUNGWA KWENYE GETI LA JUKWAA LA MASHARIKI

Pokea heshima zangu. Mimi ni fundi wa boila mstaafu, na ni mwenyekiti wa mashabiki wa Klabu ya Soka ya Shilian, iliyovunjwa mwaka juzi. Wiki iliyopita ofisi yako ililifunga geti letu kwa mnyororo na kubandika tangazo kwamba jukwaa "halina matumizi", kwa hiyo litabomolewa pawe maegesho ya magari. Mlinzi wenu, Bwana Yin, alitukuta nje na chupa zetu za chai na mbegu zetu za alizeti, akasema, "Wazee, nendeni makwenu. Mnakuja kuangalia nini? Timu yenyewe si ilishakufa?" Nilimjibu kwamba na yeye analinda uwanja usio na timu, mbona hajaenda kwao. Hakupendezwa.

Tuko tisa. Kila Jumamosi alasiri tunakaa palepale tulipozoea, safu ya juu, karibu na choo kilichoziba. Mmoja wetu ni Mzee Bian, aliyekuwa akipiga ngoma yetu kubwa. Mkewe alifariki majira yaleyale ya baridi timu ilipovunjwa, na tangu hapo Mzee Bian haongei. Anakuja, anakaa, anamenya mbegu, anaondoka. Hana pengine anapokwenda. Naomba ulikumbuke hili unaposoma yanayofuata, kwa sababu mengine yote tunaweza kuyavumilia.

Kwa kuwa ulihamishiwa hapa baada ya msiba wa timu yetu, nikupe historia kidogo. Bosi Ouyang, mjenzi wa maghorofa, aliamka siku moja akanunua timu nzima ya jiji jingine la pwani. Ililetwa kwa treni: wachezaji, kocha, mpishi, na yule kijana anayevaa vazi la kaa na kurukaruka pembeni ya uwanja. Sisi hapa milimani kaa tunamwona sokoni tu, tena akiwa amefungwa kamba, lakini tulimpokea kaa wetu kwa fataki. Msimu wa kwanza tukapanda daraja. Tulikuwa na mshambuliaji wa Kibrazili, Valdeci, ambaye kila asubuhi alikula tambi zetu za pilipili kwenye kibanda kilicho mbele ya geti huku machozi yakimtoka, na kila mechi akafunga. Watu waliwapa mbwa wao jina lake. Msimu wa tatu tulibakiza penalti moja tuingie ligi kuu, na ile penalti ikagonga mwamba. Baada ya hapo maghorofa ya Bosi Ouyang hayakupata wanunuzi, winchi zikasimama angani bila kazi, naye bosi akawa hapatikani kwenye simu. Siku moja kabla ya msimu mpya tuliletewa tangazo la mistari miwili kwamba klabu imevunjwa, na tunashukuriwa kwa upendo wetu. Valdeci alikuja kibandani kuaga, akalia kabla tambi hazijaletwa.

Sasa naomba kuwasilisha malalamiko yetu.

1. Tangazo lako linadai kwamba hakuna timu. Huku ni kutuchafulia jina. Timu ina wachezaji, viongozi na mashabiki. Wachezaji wameondoka na viongozi wamekimbia, lakini mashabiki tupo, tena kwa wakati. Jirani yangu hana meno wala nywele, na hakuna ofisi iliyompelekea cheti cha kifo.

2. Nakuomba uangalie matokeo yetu bila upendeleo. Tangu wachezaji waondoke hatujafungwa hata bao moja. Hatujapata kadi nyekundu. Kipa wetu hajatoka golini ovyo, na beki wa kulia, ambaye wakati ule alikuwa akitupandisha presha wote, amekuwa mtulivu kabisa. Jiji jirani lina wachezaji kamili, wanakula, wanalala hotelini, na bado wanafungwa nyumbani kwao. Kwa haki, tulistahili kupandishwa daraja mara mbili. Tunaomba tuingizwe ligi kuu, na kama ratiba inaruhusu tucheze pia mashindano ya Asia. Kusafiri kwetu hakutakusumbua. Tutabaki palepale jukwaani.

3. Jina. Chini ya Bosi Ouyang tulikuwa na majina matatu kwa misimu mitatu: la maghorofa yake, la pombe ya rafiki yake, na mwishowe, majina ya makampuni yalipokatazwa, tukaitwa Mawingu ya Shilian. Nina skafu tatu. Ya kwanza mke wangu anadekia, ya pili amefunikia mtungi wa kachumbari, ya tatu naificha. Tangu timu ife, jina halijabadilika.

4. Afya na nidhamu. Unajua desturi ya mashabiki wa nchi hii: kocha akishindwa kazi hatumtukani. Tunasimama wote na kumtangazia kwa adabu, kama anavyotangaziwa mwalimu, kwamba darasa limekwisha. Nakiri Jukwaa la Mashariki lilikuwa na sauti kubwa kuliko yote. Makocha wanne tuliwamalizia vipindi vyao, na mmoja wao, Mserbia, aliondoka akasahau mwavuli wake, ambao tunautunza. Lakini tumeacha. Hatuna kocha, kwa hiyo hatuna hasira. Daktari amenipima na kushangaa. Naahidi kwa niaba ya wote tisa kwamba maneno hayo hayatasikika tena Shilian. Amani hii ndiyo tunayotaka kuilinda, na ndiyo maana nasema bila kumung'unya maneno kwamba kosa la klabu za nchi yetu ni moja tu: zina wachezaji.

5. Hili linaniuma kuliko yote niliyoyataja juu, kwa sababu linaingia hadi chumbani kwangu. Geti letu mmelifunga, lakini nyasi mmewapa akina mama wanaocheza dansi jioni. Wamekuja na spika kubwa kama jokofu. Wanapiga nyimbo za mapenzi katikati ya uwanja, pale Valdeci alipokuwa akianzishia mpira! Kiongozi wao ni Qu Suzhen, mke wangu kwa miaka mingi. Nilimwambia kwa upole kwamba wanachezea mahali patakatifu. Akanijibu mbele ya majirani, "Patakatifu pa nani, Mzee Miao? Misimu mitatu umemshangilia mtu aliyevaa kaa! Sisi angalau tunatoka jasho." Majirani walicheka kupita kiasi.

Na mambo yamezidi. Wiki mbili zilizopita akina mama hao walikorofishana na wauza mboga wa soko la Daraja la Chini, sijui nani alimwambia nani kwamba ana miguu mizito, na sasa wamenunua mpira. Suzhen anawapa mazoezi. Juzi alinigeukia mezani, kijiti cha kulia chakula mkononi, akaniuliza, "Hivi kuotea ni nini hasa?" Nilikataa kumweleza. Naomba ofisi iwaondoe mara moja, spika yao na mpira wao, ili uwanja ubaki safi kwa ajili ya timu yetu ambayo haipo.

Mheshimiwa, wenzangu wameisoma barua hii wakaniambia nina maneno mengi. Basi nayafupisha. Ukifunga jukwaa, mimi nitakwenda nyumbani nikagombane na mke wangu, na wengine saba watakwenda kucheza karata. Mzee Bian atakaa chumbani kwake na mlango umefungwa. Nilikwenda kumgongea Jumamosi ile mlipotufukuza. Alifungua, akaniangalia, akavaa kofia yake, akatembea na mimi hadi kwenye mnyororo, tukarudi. Linanihuzunisha, na siwezi kuliandika kwa namna ya kukuchekesha.

Fikisha salamu zetu kwa naibu wako, kwa yule dada wa mapokezi anayetuambia kila siku kwamba umetoka, kwa dereva wako, na hata kwa Bwana Yin, ambaye moyoni si mtu mbaya ila funguo zimempanda kichwani. Bosi Ouyang, kama unajua aliko, msalimu pia. Mwambie kaa wake sasa anauza simu karibu na stesheni na anaendelea vizuri.

Ni mimi, mwenye kusubiri nje ya geti,
Miao Changgeng
Mwenyekiti

N.B. Nilichelewa kupeleka barua hii posta, na jana ilikuwa Jumamosi. Tulipofika tulimkuta Bwana Yin ameufungua mnyororo. Alisema, akiangalia pembeni, kwamba akina mama wana mechi na wauza mboga na wameomba watazamaji. Tukaingia. Kwa utafiti tu.

Mheshimiwa, sijawahi kuona balaa kama lile. Suzhen aliwapanga wachezaji wote mstari mmoja kama wanaanza wimbo. Kipa alitoka golini kwenda kupokea simu ya mjukuu, mpira ukapita, akaupungia mkono. Wauza mboga walikuwa wametufunga sita kwa sifuri, nami nimenyamaza kama nilivyokuahidi. Lilipoingia bao la saba, Mzee Bian aliweka mbegu zake chini. Alisimama, akaipiga chupa yake ya chai kwa kifuniko, mapigo yaleyale ya zamani, kisha akapaza sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu mazishi: "Kochaaa! Darasa limekwisha!"

Suzhen akageuka, mikono kiunoni. "Nani huyo? Mzee Bian, ni wewe? Hebu rudia nikusikie!" Akarudia. Akarudia tena, safari hii akicheka, na sote tukasimama tukamwunga mkono hadi sauti zikakauka. Nililia, na sioni aibu kukuandikia.

Kwa hiyo tafadhali yapuuze malalamiko ya kwanza hadi ya nne, na la tano lichane kabisa. Waachie akina mama uwanja, spika na mpira. Jukwaa lisibomolewe, maana Jumamosi ijayo kuna marudiano, na Mzee Bian ameshatoa ngoma stoo.

Linabaki ombi moja tu, nalo ni la haraka: ofisi yako imfukuze kocha kabla ya Jumamosi. Mimi nimeshindwa kumwambia, kwa sababu ndiye anayenipikia.