Sketi ya Pande Mbili

Jumatatu, tarehe 6 Mei

Leo Chiriku ameanza shule ya kulipia. Mtaa haujui. Na hautajua, kwa sababu baba yake ni fundi wa nguo, na fundi mwenye akili hafichi kitu, anakikunjia ndani tu.

Niandike vizuri, siku nikisahau ujanja wangu nisome. Sare za shule ya serikali hapa mtaani nashona mimi, mwaka wa sita huu. Hizo sketi za bluu zinazokimbizana njiani kila asubuhi, zote mkono wangu. Ijumaa kamati ya wazazi inakaa kuamua nani atashona za mwaka ujao: mimi, au Mkasi, yule fundi wa ng'ambo ya barabara anayekata kitambaa kama anafyeka majani. Sasa wasikie mshona sare wao kamtoa mwanawe shule hiyo hiyo. Ni sawa na kumkuta mpishi wa hoteli anakula kwa jirani. Tenda ya sare kwaheri.

Lakini ningefanyaje? Darasani kwao walikuwa themanini na nane. Chiriku akatoka wa themanini na moja. Mtoto mwenye akili vile, nyumbani anatushinda wote kwa maneno, ndiko jina lake lilikotoka. Macho ndiyo usiseme. Tangu ana miaka minne ndiye anayenitungia uzi kwenye sindano ndogo kuliko zote. Basi ubovu si wa mtoto. Ni wa shule. Nimefikiri mwenyewe hilo, na mimi niliishia darasa la nne.

Shule ya kulipia wametupa wiki moja ya kujaribu kabla ya ada. Na ujanja wangu ni huu: sketi moja, pande mbili. Upande mmoja bluu ya serikali. Upande wa pili rangi ya damu ya mzee ya shule ya kulipia, na nembo yao karibu na mkanda. Shati ni jeupe kotekote, hapo Mungu alinihurumia. Mtoto anatoka nyumbani bluu, anaingia kibandani kwangu kama anakuja kunisalimia, anapita nyuma ya pazia wanakojaribia wateja, anageuza, anatokea mlango wa nyuma damu ya mzee, anapanda basi la shule. Jioni kinyume chake.

Mke wangu aliishika sketi akaigeuza mara tatu. Akaniuliza kwa nini nisiwaambie watu ukweli yakaisha. Nikamwambia ukweli hauna zipu. Akasema haya, lakini uongo wangu siku ukifumuka utafumukia penye watu.

Jumanne, tarehe 7 Mei

Nimeamka na swali. Watu wana nini hasa na mzazi anayelipia shule? Kwani anakula chao?

Nimeanza utafiti. Mahali pa kuuliza ni kibandani, wakati nampima mtu. Mtu ukishamzungushia futi ya kupimia shingoni hasemi uongo.

Wa kwanza kinyozi, kaja kupunguziwa suruali. Nikamuuliza kwa mbali, kama naulizia mvua. Akasema wazazi wale wana maringo, na watoto wao wakipita hawatoi hata shikamoo, wanaongea kwa pua kama wana mafua. Nikamuuliza anawajua wangapi. Akafikiri mpaka nikamaliza mguu wa pili. Akasema hamjui hata mmoja, lakini ndivyo walivyo.

Wa pili mama muuza mboga. Akasema angekuwa na uwezo angempeleka wake kesho asubuhi, na wanaowasema wote ni wale wa sizitaki mbichi hizi. Nikamkumbusha kwamba wiki iliyopita nilimsikia kwa masikio yangu akimsema mke wa dereva kwa jambo hilo hilo. Akasema kumsema mtu ni kitu kingine, hayo ni mazoezi ya mdomo, na nisimbane kiuno hivyo, fundi, anataka kupumua.

Nimeandika kwenye daftari la vipimo: Kinyozi, kiuno 32, anapinga. Mama mboga, kiuno 44, anaunga mkono lakini anasema. Inawezekana huruma inaongezeka na kiuno. Utafiti unaendelea.

Jumatano, tarehe 8 Mei

Kaja Mwenyekiti wa kamati ya wazazi mwenyewe, gauni lake limefumuka kwapani. Yule mama hana mchezo. Mwaka wa kwanza alinirudishia sketi ishirini kwa ajili ya nyuzi za ndani. Nguo hata hatazami nje. Anaanza kwa kuigeuza. Anasema uso wa nguo unajipaka poda, tumbo ndilo linasema kweli.

Futi ikiwa begani kwake nikamtupia swali langu. Nilitegemea matusi. Sikuyapata. Akasema hana ugomvi na maringo ya mtu, kila mtu na yake. Kinachomuuma ni kwamba wanaohamisha watoto ni wale wenye midomo. Wenye kuweza kusimama mkutanoni na kuuliza. Wakishahama, paa likivuja nani atapiga kelele? Wanabaki wanaoogopa hata kubisha hodi ofisini kwa mwalimu mkuu.

Nikampima bega lile lile mara mbili. Akaniuliza kama limekua.

Nimekaa nalifikiria. Mimi ndiye mwenye mdomo mrefu kuliko wote mtaa huu, hilo hata Mkasi anakubali. Sasa mbona sijawahi kusimama mkutanoni? Nilikuwa nakaa nyuma, naangalia sketi kama zimekaa sawa.

Nimeandika: Mwenyekiti, bega 17, haeleweki.

Chiriku anasema sketi ina joto, anatembea kama amevaa godoro. Nimemwambia elimu ina gharama zake.

Alhamisi, tarehe 9 Mei

Nimeitwa shule ya kulipia. Njia nzima nimepanga uongo: kama ni sketi, nitasema ni mtindo mpya.

Haikuwa sketi. Mwalimu wake, binti mdogo tu, anaongea taratibu kama anakaribisha mgonjwa. Darasani wako ishirini na mbili. Akanionyesha daftari la Chiriku. Mwandiko safi. Kazi yote amenakili kutoka kwa mtoto wa pembeni, makosa kwa makosa, na juu kabisa ameandika jina la mtoto wa pembeni.

Nikasema nitamtandika. Mwalimu akasema hapana mzee, mtoto haoni ubao.

Nikacheka. Nikamweleza habari ya sindano. Mtoto anayetunga uzi kwa mwanga wa mshumaa, mimi nimevaa miwani naona sindano mbili, huyo utamwambiaje haoni? Mwalimu akasema ndiyo hivyo, wako watu wanaona karibu kuliko sisi sote, na mbali hawaoni kitu. Akamsimamisha Chiriku mlangoni, akaandika ubaoni herufi kubwa kama ng'ombe. Akamuuliza anaona nini. Chiriku, ambaye hajawahi kukosa jibu tangu azaliwe, akasema anaona weupe.

Nimerudi kwa miguu. Miaka yote ile nilimsifia macho kwa sababu yalikuwa yanafanya kazi yangu.

Kesho mama yake anampeleka kwa daktari wa macho. Mimi nina kamati.

Ijumaa, tarehe 10 Mei

Siku ya kufumuka.

Asubuhi nilipiga pasi sketi ya mfano ya kupeleka kwenye kamati, nikaitundika. Mke wangu kabla ya kwenda kwa daktari, kwa wema wake, akapiga pasi na ile ya Chiriku, akaitundika msumari ule ule. Zote bluu nje. Mimi nikachukua ya mbele, nikaondoka napiga mluzi.

Darasani tulikaa wazazi kama thelathini kwenye viti vya watoto, magoti kidevuni. Mkasi alileta yake kwenye mfuko wa dukani, maringo tu. Ikazungushwa, watu wakasema si mbaya. Ikaja yangu. Wakaisifu uzito. Mama mboga akasema hii hata mvua haiingii. Nikaanza kutabasamu.

Mwenyekiti akaishika. Nikakumbuka tabia yake.

Akaigeuza. Damu ya mzee.

Nikasema haraka kwamba hiyo ni bitana, ya baridi. Akaniuliza tangu lini bitana ikawa na nembo. Nikasema ni alama ya kiwanda cha kitambaa. Kinyozi, ambaye siku zote anajidai hawezi kusoma bila miwani, akalisoma jina lote la shule kwa sauti, herufi kwa herufi, akashuka mpaka kwenye ile methali yao ya chini. Mkasi alicheka mpaka kiti cha mtoto kikamvunjikia.

Mwenyekiti hakucheka. Akasema, fundi, mtu kumpeleka mwanawe anakotaka ni haki yake. Ila mimi nataka kujua, umetuona hatufai, au umetuona wajinga?

Kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na kipande cha uongo hata cha kutosha kifungo. Nikasema yote. Wale themanini na nane. Namba themanini na moja. Nikafika kwenye sindano na ubao, nikajifanya nakohoa.

Sasa hapa ndipo sikuelewa watu. Nilijua watanila nyama. Badala yake baba mmoja wa nyuma akauliza yule mwalimu alijuaje. Nikamweleza habari ya kunakili mpaka jina. Mama mboga akasimama polepole. Akasema wake naye wiki iliyopita alileta daftari lenye jina la mtoto wa kinyozi, na yeye alimchapa kwa wizi. Mwingine akasema wake anasoma pua ikiwa imegusa karatasi. Mwingine akasema wake anausalimia mti. Nusu saa nzima tukaongea macho. Mkasi alijaribu kuturudisha kwenye sketi, akaambiwa atulie, ameshavunja kiti.

Uamuzi: sketi kapewa Mkasi. Mimi nimebakiziwa kaptula za wavulana, ambazo hazina pa kuficha kitu. Na Jumatatu niongozane na Mwenyekiti kwa mwalimu mkuu, tukadai watoto wote wapimwe macho. Nikasema lakini wangu si wa shule hii tena. Mwenyekiti akasema mtoto si wa shule hii, ila mdomo bado ni wa mtaa huu.

Nimefika nyumbani. Mke wangu amenitengea chakula, na pembeni ya sahani kaniwekea zipu.

Jumamosi, tarehe 11 Mei

Miwani imekuja. Chiriku ameivaa mlangoni kwa daktari na hajanyamaza mpaka sasa. Anasoma kila kibao. Anasoma magari. Amefika kibandani akaniambia baba, mshono wa pazia lako umepinda. Nikamwambia hiyo miwani ina nguvu kupita kiasi.

Jioni akaniuliza, ule ubao wa shule ya zamani ulikuwa unaandikwa kila siku? Nikasema ndiyo. Akanyamaza. Chiriku, kunyamaza.

Halafu akasema anataka kurudi kule. Rafiki zake wako kule, basi linamtapisha, na sasa anataka kuona huo ubao ulikuwa unasema nini. Nimemtazama mke wangu. Mke wangu akaniuliza kwani kabla ya kukata kitambaa nilimpima mtoto? Maana suruali ya kinyozi, ambaye si ndugu yangu, huwa naipima mara mbili.

Basi anarudi. Mwalimu wa shule ya kulipia nimempigia simu kumshukuru. Hakukasirika. Alisema wiki ya kujaribu imefanya kazi yake.

Jumatatu, tarehe 13 Mei

Chiriku ameondoka na sketi ya upande mmoja, nyepesi, anakimbia. Mimi na Mwenyekiti tumeingia kwa mwalimu mkuu. Nimeongea mpaka chai yake imepoa. Amekubali watu wa kliniki waje wiki ijayo kupima darasa kwa darasa, na nadhani angekubali hata paa jipya ilimradi niondoke. Kutoka nje Mwenyekiti akanipa mkono. Nikajua sasa mambo yamekaa sawa.

Hayajakaa.

Kupita kwa kinyozi, namsikia anamwambia mteja kwamba fundi shule imemshinda, kamrudisha mtoto, mfuko umetoboka. Mama mboga kaniongezea nyanya tatu bila kuomba, na jicho la msiba. Watu wawili wameniambia pole. Mkasi kavuka barabara kuniuliza kama nataka kazi ya kushona vifungo.

Nimelifungua daftari la vipimo, nimefikiri sana. Nikilipa, nina maringo. Nisipolipa, nimefilisika. Katikati hapo mzazi anakaa wapi? Utafiti haujajibu. Lakini kati ya hayo mawili, afadhali maringo.

Kwa hiyo nimeshakata kitambaa. Safari hii damu ya mzee ndiyo itakuwa nje. Anapita nayo kwa kinyozi na kwa mama mboga polepole, waione vizuri, anaingia kibandani nyuma ya pazia, anatoka bluu, anakwenda shule yake ya serikali. Na ile zipu aliyoniwekea mke wangu nimeitia ubavuni, maana kosa la kwanza, nimeamua, lilikuwa la zipu tu.

Nimemwonyesha Chiriku. Kaitazama, kaigeuza, kairudisha. Akasema kwa miwani hii anaona mbali, na kule mbali anaiona Ijumaa nyingine inakuja.

Nimemwambia apunguze maneno, avue miwani, anitungie uzi.