Maganda ya Migunga na Mbuzi wa Mama Mkwe

Jumatatu, 22 Septemba 2025

Simu kutoka Vudee. Mama mkwe anashuka Kihurio Jumapili kukagua mbuzi wake. Wanne! Aliniachia mwaka jana niwatunze: maziwa yangu, na kila mtoto wa tatu akizaliwa, wangu. Akikuta wamekonda anawahamishia kwa Muhidin.

Muhidin! Mwanyumba wangu, tumeoa mtu na dada yake, naye hajawahi kukosea kitu. Anakata majani ya lusina, ule mti wa malisho, anakausha, anafunga mafungu utadhani anapeleka posa. Mimi, watu husema Hamidu mvivu. Mimi naamini mbuzi kapewa miguu ajitafutie.

Nimewatazama vizuri leo. Mbavu zinahesabika. Chai ya maziwa ndiyo starehe pekee niliyobaki nayo duniani. Sikubali.

Jumanne, 23 Septemba

Nimehudhuria somo la Bi Ikupa, afisa mifugo. Kasema maganda yanayodondoka chini ya migunga ni chakula kizuri sana wakati wa kiangazi. Ila mbuzi akiyala mazima, mbegu zinatoka nyuma kama zilivyoingia mbele. Kwa hiyo yatwangwe, yachanganywe na pumba na majani, mbuzi aanze na kiganja kimoja, halafu aongezewe kidogo kidogo. Hapo kwenye kidogo kidogo sikusikiliza sana, chai ilikuwa imeletwa. La msingi nimelipata: unga!

Muhidin alikuwa anaandika kwenye daftari. Mwenye akili haandiki.

Jioni nimezoa magunia mawili. Miiba mitatu kwenye wayo.

Jumatano, 24 Septemba

Kinu? Nitwange kwa mikono, na mashine ya kusaga ya Wilbard iko hatua mia kutoka mlangoni? Wilbard akakataa. Eti mashine yake ni ya chakula cha watu. Nikasubiri aende kula, nikamimina mwenyewe. Mashine ikanguruma, ikakohoa, ikatoa unga wa kahawia, harufu tamu. Gunia la pili likaziba chekeche. Nikaondoka na unga wangu kimya kimya.

Ugali wa jioni ulikuwa wa kahawia. Zaituni, mke wangu, alishangaa: mahindi ni yale yale, na alikuwa wa kwanza kusaga baada ya Wilbard kuzibua mashine. Akauliza kama nasikia ladha ya ajabu. Nikasema hata kidogo. Ilibidi niombe tonge lingine ili aniamini.

Alhamisi, 25 Septemba

Kiganja kimoja kwa mbuzi anayekaguliwa Jumapili? Nimewapa beseni zima kila mmoja. Wakala mpaka wakalamba beseni. Adhuhuri matumbo yametuna kama ngoma. Nikamwita Zaituni aje aone unono.

Zaituni akapiga ukelele. Yule mwenye baka jeupe usoni alikuwa amelala ubavu, anaguna. Hapo hofu ilinishika kweli. Mbuzi wa mkwe afie mikononi mwangu! Na Zaituni akamkimbilia nani? Muhidin. Alikuja na chupa ya mafuta ya kula, akawanywesha, akawasugua ubavu wa kushoto, akawatembeza mpaka hewa ikatoka. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Akaniachia mafungu mawili ya lusina, akaenda zake.

Nimeyaficha. Mbuzi wangu hawali sadaka.

Jumamosi, 27 Septemba

Wamepona, lakini wamekonda kuliko Jumatatu. Bahati nzuri nimekumbuka ujanja wa mnadani: mbuzi alambe chumvi jioni, asubuhi atakunywa ndoo nzima. Tumbo linajaa, na hakuna anayeguna. Zaituni anauliza chumvi ya jikoni imekwenda wapi. Nimemwambia panya wa siku hizi hawaeleweki.

Jumapili, 28 Septemba

Walikunywa mpaka nikahurumia bomba la kijiji. Mapipa manne yenye pembe! Mama mkwe akafika saa nne, Muhidin kambebea kikapu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba macho yakiwa kwa mbuzi. Akawazunguka mara moja. Akamgonga mmoja tumboni, akasikiliza. Kisha akaomba mkeka, akatandika mbele ya banda, akaketi. Akasema hana haraka.

Nikamkaribisha ndani. Akakataa kwa upole. Nikaisifu migomba yake, nikaisifu barabara ya Vudee, nikamsifu hata Muhidin. Akanywa chai. Saa tano mbuzi wa kwanza akakojoa. Sijapata kuona mkojo mrefu namna ile. Akafuata wa pili. Nikasimama katikati niwakinge, wakanilowesha kanzu. Kufika saa saba mbavu zote zilikuwa zimerudi mahali pake.

Mama mkwe akasema amefanya biashara ya mbuzi mnadani miaka thelathini, na chumvi hiyo hata yeye amewahi kuitumia, lakini kwa wateja, si kwa mkwe. Zaituni alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Watatu wameondoka na Muhidin. Nimeachiwa yule mwenye baka, tena kwa ajili ya chai ya binti yake, si yangu. Baada ya mwezi atakuja kumwangalia. Nilisimama njiani mpaka wakapotea. Banda limepwaya. Sikujua kama ningewakumbuka hivi, hata yule aliyezoea kunipiga pembe.

Jumatatu, 29 Septemba

Bi Ikupa amepita, kasema yuko tayari kunirudia somo lote, mimi peke yangu. Nimemshukuru. Sina nafasi. Nimewaza tangu alfajiri kosa lilikuwa wapi, na nimelipata. Si chumvi. Si mimi. Ni maji! Maji hukojolewa. Uji mzito, nani amewahi kuukojoa?

Nimeshaazima sufuria kubwa la maulidi.