Kuomba Kompyuta ya Zamu za Maji Irudishiwe Uzito Wake

Elirehema Sifael,
Katibu, Kamati ya Maji ya Ndiva,
Mhezi, Wilaya ya Same.
12 Agosti 2024

Mhariri,
Ukurasa wa Vidokezo kwa Kompyuta Kuukuu.

Ndugu Mhariri,

YAH: MADHARA YA KOMPYUTA KUWAKA UPESI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Natumaini u mzima, na wote ulio nao ofisini ni wazima. Sisi huku milimani tu wazima wa mwili, ila amani tuliyokuwa nayo mmetuondolea ninyi, na ndiyo sababu ya kukuandikia.

Mimi ni bwana shamba mstaafu, mzee wa kanisa, mkulima wa tangawizi, na kwa miaka ishirini na moja nimekuwa katibu wa kamati ya maji. Ninyi wa mjini mnafungua bomba. Sisi tuna ndiva, yaani bwawa tulilorithi kwa wazee, ambalo hujaa usiku na kufunguliwa alfajiri, maji yakashuka kwa mfereji hadi kwenye mashamba ya wakulima sitini na wanne, kila mmoja kwa zamu yake. Orodha ya zamu ninaitunza mimi, kwenye kompyuta tuliyoletewa na wageni wa usharika mwaka 2009. Ni ile yenye Windows XP, ya kilima cha kijani na mawingu meupe. Ipo sebuleni kwangu, imefunikwa kitambaa alichokifuma mke wangu, Hedwiga.

Kompyuta hii ilikuwa inachukua dakika thelathini na nane kuwaka hadi orodha ifunguke. Nilipima kwa saa ya ukutani, sikukisia. Hakuna aliyewahi kulalamika. Kisha toleo lenu la mwezi wa sita likanifikia likiwa limefungia sabuni kutoka Hedaru, na humo Fundi Amiri, mwandishi wenu, ametoa vidokezo vitano vya kuifanya kompyuta kuukuu ikimbie kama mpya. Kwa kuwa mimi ni mtu wa kufuata maelekezo, nilivifuata vyote. Malalamiko yangu ni haya:

1. Fundi aliagiza tuzime programu zinazojiwasha zenyewe kompyuta inapoamka. Nilizikuta kumi na moja, nikazima tisa. Mojawapo ilikuwa ya printa iliyokufa mwaka 2013, na kila asubuhi ilikuwa bado inaitafuta, jambo ambalo lilinisikitisha nilipolijua. Muda ukashuka hadi dakika ishirini na moja. Mtaona ni jambo jema. Sasa mfikirieni Mzee Zefania. Yeye huja kila Jumanne kushtaki kwamba jirani yake, Bi. Careen, amefunguliwa maji kabla yake. Huingia amefura, hata salamu anaitikia kwa pembeni. Namkaribisha kiti, nabonyeza kitufe, Hedwiga analeta chai. Dakika ya kumi anaeleza habari za goti lake. Dakika ya ishirini tumefika kwenye mahubiri ya Jumapili. Dakika ya thelathini anakula magimbi. Orodha inapofunguka, mzee wa watu anasimama, anashukuru kwa chai na kwenda zake, shauri limekwisha na hakuna aliyeonewa. Kesi zake zote kwa miaka kumi na tano nimeziamua namna hiyo. Jumanne ya kwanza baada ya kidokezo chenu, orodha ilifunguka tukiwa bado kwenye goti, na Mzee Zefania alikuwa anakumbuka vizuri kabisa kilichomleta.

2. Kidokezo cha pili kilihusu kuondoa mapambo: vivuli, madirisha yanayokunjuka taratibu, maandishi yanayotokea polepole. Fundi anasema ni mbwembwe tu. Huku kwetu mtu hatokei sebuleni ghafla. Anabisha hodi, anangoja akaribishwe, ndipo anaingia. Orodha yetu ilikuwa inaingia hivyo hivyo, kwa adabu, na aliyekuwa hana zamu wiki ile alikuwa na nafasi ya kujiandaa moyo. Sasa inamrukia mtu usoni. Mama mmoja wa kitongoji cha chini alimwaga chai kwenye kitambaa.

3. Kidokezo cha tatu ndicho kilichonimaliza. Fundi aliandika kwamba mafaili hutawanyika vipande vipande kwenye diski na ni lazima yapangwe upya, kazi ya saa nyingi, yenye kutaka subira, na mashine isiguswe hadi imalize. Ndugu Mhariri, huku kwetu kazi yoyote ya saa nyingi, ya kusafisha kitu kinachotumiwa na wote, inaitwa msaragambo. Inapigwa mbiu, kila kaya inatoa mtu, na asiyefika anatozwa kuku. Ndivyo tunavyozibua mfereji na kutoa tope kwenye ndiva. Sikuona kwa nini diski yenye zamu za watu wote ipangwe na mtu mmoja peke yake. Nikatangaza kanisani.

Walikuja watu ishirini na saba. Wanne walikuwa na majembe na mmoja alibeba karai. Nikabonyeza, tukakaa. Kwenye kioo vikatokea vipande vyekundu, vikawa vinakusanywa kimoja kimoja na kugeuka buluu, na kila kikigeuka watu wanashangilia. Hiyo ilikuwa saa ya kwanza. Saa ya pili shangwe zikaisha, na kwa kuwa mashine haikuruhusiwa kuguswa, wakaanza kuulizana zamu zao kwa mdomo: wewe unapata lini, mimi napata lini, na hii Ijumaa asubuhi ni ya nani. Nilijaribu kuanzisha wimbo, nikauimba peke yangu hadi ubeti wa tatu. Nilikuwa sijajua kwamba mtu mmoja akingoja huzaliwa amani, lakini watu ishirini na saba wakingoja pamoja huzaliwa kamati ya uchunguzi. Bi. Careen, ambaye ni mjane, analima tangawizi bora kuliko yangu na hajawahi kupandisha sauti maishani mwake, aliuliza kwa upole kwamba ikiwa mashine kuukuu namna hii inaweza kukipa kila kipande nafasi yake ndani ya saa nne, sisi tumeshindwa nini. Yeye hakunitazama. Wengine wote walinitazama.

4. Kabla hawajatawanyika nikakimbilia kidokezo cha nne, cha kumwaga lile pipa la taka la kwenye kioo, linalotunza mafaili yaliyofutwa, nikitumaini kubadilisha mazungumzo. Fundi anaandika: kabla ya kumwaga, fungua uone kama kuna kitu kinachohitajika. Nikafungua mbele ya hadhara. Mle ndani mlikuwa na orodha zote za zamu tangu mwaka 2011. Bi. Careen akasema yeye anazihitaji. Kidokezo hakikueleza ni nani hasa mwenye haki ya kuhitaji, na hilo nalihesabu kuwa kosa kubwa la uhariri. Orodha zikarudishwa, zikasomwa kwa sauti, na ikaonekana kwamba kwa miaka kumi na mitatu Jumatatu ni ya E. Sifael, Jumatano ni ya Sifael E., na Ijumaa ni ya Mzee wa Kanisa, Shamba la Juu.

Hapa naomba nieleweke. Hao ni watu watatu. E. Sifael ni mkulima kama wakulima wengine. Sifael E. ni katibu, ambaye kwa kazi anayoifanya bila posho anastahili kufikiriwa. Mzee wa Kanisa hupokea wageni wa usharika, na mgeni hawezi kupewa ndizi zilizodumaa kwa kiu. Kwamba wote watatu wanalala kitanda kimoja na Hedwiga ni suala la makazi, na kamati yetu ni ya maji. Niliyaeleza haya papo hapo, kwa utaratibu, na sikuona mtu aliyeandika.

5. Kilima. Fundi alisema picha inakula nguvu. Nikakiondoa. Sasa ni buluu tupu na sina la kuongeza.

6. Jumla ya uharibifu wote ni kwamba kompyuta sasa inawaka kwa dakika moja na sekunde hamsini. Maji ya chai hayajapata moto, mtu ameshaona zamu yake, ameshakasirika, ameshaondoka. Hakuna anayekaa. Wanasimama mlangoni na viatu miguuni, wanachungulia kioo, basi. Chupa ya chai inarudi jikoni imejaa kama ilivyokuja, na Hedwiga ameacha kuchemsha magimbi ya ziada. Nasema wazi kwamba nawakumbuka. Nimemkumbuka hata Mzee Zefania. Goti lake sijui limefikia wapi. Na Jumamosi ijayo mkutano mkuu unachagua katibu, na Bi. Careen amejitokeza kugombea. Tangu nistaafu, kazi hii ndiyo inayonifanya nivae shati lenye kola siku za kazi. Nikinyang'anywa, sijui asubuhi nitaamkia nini.

Kutokana na hayo naomba yafuatayo:

(a) Mchapishe haraka vidokezo vya kuipunguzia kompyuta kasi, kwa lugha nyepesi, vikionyesha namna ya kurudisha vivuli na namna ya kuitawanya tena diski iliyokwisha kupangwa.

(b) Fundi Amiri afike Mhezi Jumamosi, asimame mbele ya mkutano na kutamka kwamba kompyuta inayowaka upesi haiaminiki. Atalala kwangu. Akipanda bodaboda kuja juu, ashike vizuri kwenye kona.

(c) Gazeti lenu liongoze kampeni ili kila kompyuta inayohudumia wananchi iwekewe kima cha chini cha dakika thelathini kabla ya kufunguka, raia apate kupoa. Rasimu ya kanuni nimeianza. Baadaye tunaweza kuangalia simu.

Msidhani nimekaa nikingoja msaada tu. Kwa akili yangu mwenyewe nimezirudisha zile programu tisa, pamoja na ya printa, na nimeongeza nyingine kumi na nne kutoka kwenye visahani vya programu walivyotuachia wageni, zikiwemo saa tatu za ukutani zisizokubaliana, kamusi ya Kijerumani, na bahari ya samaki wanaoogelea kioo kikiachwa. Jana tulifika dakika arobaini na nne. Barua hii naiandika kwa mkono, mashine ikiwa inaamka pembeni yangu, na kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi nimesikia nyumba imetulia.

Nisalimie wachapaji, walinzi wa getini, na anayewachemshia chai hapo ofisini, ambaye naamini anaelewa ninachosema. Fundi Amiri naye nisalimie, kwa kiasi.

Nabaki kuwa msomaji wako nisiye na haraka,

Elirehema Sifael
Katibu (hadi Jumamosi, na kwa neema baada ya hapo)

Nakala kwa:
Mwenyekiti wa Kijiji
Mchungaji
E. Sifael, mkulima

NYONGEZA, 22 Agosti. Barua hii ilisahaulika kwenye mfuko wa koti langu la kanisani, nimeikuta leo. Naomba yote yaliyoandikwa hapo juu yasomwe kinyume.

Bi. Careen alichaguliwa. Mimi nilipata kura tisa, na Hedwiga amekataa kusema kama yake imo. Kompyuta ilihamishiwa kwake siku ile ile, ikiwa na kila nilichoiongezea. Nimebakiwa na zamu moja, ya Jumatano, na jana maji hayakufika shambani kwangu. Nikapanda hadi kwake kudai, nimefura kama inavyostahili. Akanikaribisha kiti, akabonyeza kitufe. Aliniletea chai ya tangawizi, akaniuliza habari za wajukuu mmoja mmoja kwa majina, tukaikumbuka ile mvua iliyobomoa ukingo wa ndiva na namna tulivyobeba mawe sote, marehemu mumewe akiwa mbele. Mashine ilipofunguka nilikuwa nimeshasimama, nimeshashukuru, natafuta fimbo yangu. Nimeteremka hadi kwenye tangawizi iliyojikunja majani ndipo nikakumbuka nilikwenda kufanya nini. Leo nimerudi tena kwa nia ile ile, nikatoka na mbegu za maboga.

Huu ni uonevu kwa mkulima na hauvumiliki. Hakuna raia anayepaswa kungoja dakika arobaini na nne kujua maji yake yako wapi. Tafadhali chapisheni upya vidokezo vyote vitano vya Fundi Amiri, kwa herufi kubwa, na gazeti moja mlitume moja kwa moja kwa Bi. Careen. Jina langu msilitaje, maana kesho nakwenda tena, na amesema atapika makande.