Jumapili ya Kupumzisha Mtandao

"Umma unaarifiwa kwamba kuanzia Jumapili hii mtandao utapumzika kutwa nzima, kwa kuwa nyaya zake zilizolazwa chini ya bahari zimechoka kubeba picha za harusi."

Waraka huo haukutoka wizarani. Niliutunga mimi, Khumbo Nyirongo, kiranja wa chumba cha kompyuta katika shule yetu ya bweni hapa Mzimba, Malawi, nikisubiri kengele ya nsima, ugali wetu wa kila siku. Mhuri niliuchora mwenyewe. Nikamtumia binamu yangu Lilongwe, acheke.

Alicheka, akawatumia wenzake. Hao hawakucheka. Kufikia Ijumaa ulishapita kwa mashemasi, wauza mbolea na kwaya mbili, na kila mtu aliuamini kwa sababu aliyemtumia ni mtu wa heshima. Hivyo ndivyo mtandao unavyofanya kazi. Naeleza kama mtaalamu.

Jumamosi ukaingia ujumbe wa mama. Mama anafanya kazi za ndani Johannesburg, na Jumapili huwa tunaonana kwenye kompyuta ya shule. Jumatatu angehamia kwa mwajiri wa shambani, kusikoshika mtandao, mpaka Krismasi.

"Mwanangu, kesho tusipigiane. Akina mama wa kanisani wamenitumia waraka."

Nikamjibu kwamba ule ni uongo mtupu. Akaniuliza tangu lini najua kuliko wizara.

Nikakimbilia kwa mwalimu mkuu, Bwana Kachingwe, nikamwomba amwandikie mama kwamba waraka hauna maana. Yeye alishaubandika ukutani, ndani ya fremu.

"Hauna maana? Kijana, huu una vifungu vinne," akasema, akavaa miwani. Alisoma polepole hadi cha mwisho: "Wakuu wa shule pekee wataendelea kuutumia, kwa niaba ya wanafunzi."

"Samahani, Mwalimu. Hicho cha nne sikukiandika mimi."

Akavua miwani.

"Hukuandika kipi?"

"Cha nne. Vile vitatu ni vyangu. Na mhuri."

Akaenda kufunga mlango.

"Mwandikie mama yako kwamba umeutunga wewe," akasema kwa sauti ya chini. "Mweleze yote. Cha nne kiache."

Nilimweleza yote, na cha nne pia.

Jumapili mama alipiga. Nilipoanza kuomba radhi akanikatiza: zamu yangu itafika, kwanza nimwitie Bwana Kachingwe.